Siku Tatu Tabora, Nikisaka Gitaa

Treni ya Mpanda haiondoki kila siku. Hilo nilikuwa nalijua, ila nilijipa moyo kwamba nikishuka Tabora asubuhi nitaunganisha jioni, kama mtu anayeshuka daladala Ubungo na kudandia nyingine. Karani wa dirisha la tiketi alinitazama, akaitazama kalenda ya ukutani, akasema, "Njoo Jumatatu, baba." Ilikuwa Ijumaa. Mpunga wa shemeji yangu huko Mpanda ungenisubiri.

Ukikwama Tabora, kila mtu atakushauri uende Kwihara ukaone tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Nilishakwenda zamani na wanafunzi wenzangu, tukaambiwa tusiguse kitu. Safari hii nilikuwa na kiu nyingine. Mji huu mmoja, tena wa bara kabisa, ulitoa bendi tatu za dansi zilizojulikana nchi nzima enzi za redio ya mbao: Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz wenye mtindo wao wa Segere Matata. Bendi tatu! Leo kuna mikoa mizima isiyo na hata moja. Nikajiambia, siku tatu hizi nitazitumia kutafuta kama bado yuko mtu anayecharaza gitaa mbele ya watu wanaokunywa.

Nilichukua chumba cha bei ndogo si mbali na stesheni, nikalala mpaka saa kumi, nikatoka. Miembe ya Tabora ndiyo inayokupokea kabla ya watu. Novemba embe zimeanza kuiva, na watoto wamekaa chini ya kila mti na mawe mkononi.

Bodaboda wa kwanza niliyemwambia nataka bendi aliniuliza, "Bendi ya shule?"

"Ya dansi. Magitaa."

"Aaa, mziki wa wazee." Akafikiri. "Panda, anko, napajua."

Alinipeleka Isevya, kwenye baa yenye taa za rangi na kibao kilichoandikwa kwa chaki kwamba usiku huo kuna muziki wa moja kwa moja. Mhudumu akaniuliza ya moto au ya baridi. Nikaagiza ya moto, nikangoja. Saa tatu na nusu akapanda jukwaani kijana mmoja na kinanda. Akachomeka flashi, akabonyeza, na humo kwenye kinanda mkatoka ngoma, besi, tumba, magitaa mawili na waitikiaji. Yeye alibakiza kazi ya kuimba na kuwataja majina wateja waliokaa vizuri. Sauti anayo, sitamnyima haki yake. Ila mimi nilikuwa nimeifuata bendi, nikakuta mtu mmoja anayeigiza watu wanane.

Nikamwuliza mwenye baa, mtu mcheshi tu, kwa nini asilete bendi kamili. Alinijibu kwa vidole. Bendi ni watu wanane, wanakula wanane, wanakunywa wanane, wanataka usafiri, na mpiga gitaa la ridhim akigombana na mpiga drams hakuna shoo. Huyu mmoja anakuja na begi lake mgongoni. "Na wateja wangu nusu wanataka singeli," akaongeza. Kweli, kijana wa kinanda aliposhuka, singeli ikafunguliwa na meza zikabaki tupu, watu wote katikati. Nikamaliza chupa yangu nikaenda kulala.

Jumamosi nilibadili mbinu. Niliacha kuuliza vijana, nikauliza chakula. Mama mmoja wa mtaa wa Ng'ambo aliyekuwa akiuza michembe na karanga barazani kwake, nilimwamkia, nikanunua, nikakaa. Kwa mtu asiyejua: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa hadi vikauke, na ukivitafuna na karanga unaweza kusahau mchana. Nilipomtajia dansi alicheka mpaka akashika kiuno. "Mwanangu, sisi tumeolewa kwenye madansi hayo." Akamwita mjukuu wake anipeleke kwa jirani, mzee ambaye, alisema, "alikuwa anapiga zile ngoma ndefu."

Mzee hakuwa nyumbani. Alikuwa kilabuni.

Kilabu chenyewe kilikuwa uwanja wa udongo nyuma ya nyumba, mabenchi chini ya mwembe, kuta za matofali mabichi upande mmoja tu. Kinachouzwa hapo ni wanzuki, pombe ya asali. Hii ni nchi ya nyuki. Misitu ya miombo imeuzunguka mji huu pande zote, na asali isiyokwenda kwenye chupa za kuuza huishia huku. Wanakupa kwenye kopo la plastiki. Rangi yake kama chai iliyotiwa maziwa kidogo, na mdomoni inaanza tamu, halafu inakuja chachu. Onyo: haipandi kichwani kama bia. Inakwenda kwanza magotini. Nilitambua hilo nilipotaka kusimama kumpa mzee shikamoo kwa heshima zote, nikaitoa nimekaa.

"Marahaba. Kaa tu, kaa," alisema. Alikuwa amevaa kofia ya kufuma na viatu vilivyopigwa rangi. Alipiga tumba kwa miaka mingi, si katika zile bendi tatu kubwa, alisisitiza, bali katika zile zilizokuwa zikizikopi. Hapo ndipo nilipopata somo nililolifuata, bila ada, isipokuwa makopo mawili ya wanzuki.

Kwanza, reli. Alichora kwa kidole kwenye meza iliyolowa: hapa Dar, hapa Mwanza, hapa Kigoma, hapa Mpanda, na katikati sisi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Santuri za rumba zilipita hapa, na wanamuziki nao walipita, wengine wakashuka wakabaki. Akamtaja Shem Karenga, aliyetoka Kigoma akaja kuimba Tabora Jazz. "Mji wa njia panda hausikii muziki wa aina moja," alisema, na akapiga meza kwa viganja, mkono wa kushoto rumba, wa kulia manyanga, ngoma ya Kinyamwezi, na kweli vikakaa pamoja.

Pili, kusikiliza. Wimbo wa dansi una nusu mbili. Ya kwanza ni ya maneno, taratibu, mwimbaji anaeleza alivyoachwa au alivyodhulumiwa. Ya pili ni chemko: maneno yanakwisha, magitaa yanashikana, kila moja na kifungu chake kifupi linachokirudia, na hakuna linalomkanyaga mwenzake. "Watu wanamtazama wa solo kwa sababu anahangaika na vidole. Wewe sikiliza ridhim. Akikosea yeye, wote wanadondoka."

Nikamwuliza wapi nitasikia hayo leo. Akanishangaa, kama nimeuliza msikiti uko wapi. "Kesho Jumapili. Bonanza. Ipuli. Nenda saa kumi, ukienda usiku utakuta wamelewa."

Ijumaa nilikuwa nimetafuta usiku kitu kinachofanyika mchana.

Jumapili mvua ilinyesha mpaka saa nane, ikakata ghafla. Baa ya Ipuli ilikuwa na ua mpana, banda la makuti, jiko la nyama choma pembeni na watoto wakikimbizana kati ya viti, maana bonanza ni ya familia: watu wametoka kanisani, wamekula, wanashushia. Hakuna kiingilio. Jukwaani walikuwa watano. Gitaa la solo, la ridhim, la besi, drams, na mwimbaji aliyekuwa pia anapiga tumba moja. Nikachagua kiti karibu na spika ya ridhim, kama nilivyofundishwa.

Nyimbo tatu za kwanza zilikuwa kopi, na hazikuwa nzuri. Besi ilikuwa juu mno na mwimbaji alikuwa akitafuta sauti yake. Wa nne ndio uliobadilisha ua. Sijui ni wa nani, nilimsikia mama wa meza ya jirani akisema "huo!", akavua viatu. Mwimbaji alieleza kisa chake polepole, kisha akanyamaza, na ridhim akaanza kifungu kidogo cha noti kama sita hivi, akakirudia, akakirudia, uso wake umetulia kama mtu anayesubiri basi. Besi ikamwingilia kwa chini. Drams ikaongeza kasi kidogo tu. Wa solo akaja mwisho, juu kabisa shingoni mwa gitaa, na ua wote ukasimama, wakiwemo wazee wawili waliokuwa wakicheza bao.

Katikati ya chemko ukakatika uzi. Ule mwembamba, namba moja. Uliruka ukamchapa wa solo kidoleni. Hakusimama. Alitazama gitaa mara moja, akashuka kwenye uzi wa pili, akasogeza mkono mbele kama vidole vitano, akaendelea na kifungu kile kile. Nadhani tuliojua kilichotokea tulikuwa watatu. Mtu mmoja akaenda akambandika noti ya elfu mbili kwenye paji la uso, ikakaa hapo kwa jasho hadi mwisho wa wimbo.

Giza lilipoingia kumbikumbi walitoka ardhini kwa sababu ya mvua, wakaivamia taa ya jukwaani kwa maelfu. Waliangukia kwenye bilauri, kwenye nyama, ndani ya shati la mpiga besi. Wasichana wa jikoni wakaleta beseni la maji, wakaliweka chini ya taa, na baada ya nusu saa tukaletewa sahani ya kumbikumbi waliokaangwa na chumvi, bure. Bendi ikapiga wakati huo wote.

Walipopumzika nilimfuata wa solo. Anauza vipuri vya baiskeli siku za kazi. Malipo ya bonanza, aliniambia, yanatosha nauli na chakula; kinachobaki ni kile cha kutuzwa. Nikamwuliza habari ya uzi. Alinionyesha kiganja: mikwaruzo ya waya wa breki ya baiskeli, ambao aliwahi kuutumia alipokosa kabisa. "Unalia, bro, lakini unakula vidole." Nyuzi za Dar ndizo anazotaka, na kila anayemwagiza husahau.

Akatoa ile elfu mbili ya pajini, bado imelowa, akaongezea elfu kumi na tatu kutoka mfukoni, akanikabidhi bila kuniuliza jina.

Jumatatu nilipanda treni ya Mpanda. Nilipokuwa huko nilizihamishia fedha zile mfuko wa ndani, mbali na zangu, nisije nikazila. Nyuzi nimezinunua Kariakoo jana, seti mbili, na namba moja za ziada nne. Ziko kwenye bahasha hapa mezani. Kesho alfajiri nazipeleka stendi, nimtafute kondakta wa basi la Tabora anayepajua Ipuli.