Diski ya Ami iliyokuwa ikilala

Mwaka 2008 Ami alikuwa akihariri video za harusi nyumbani kwake Mombasa, kwa Ubuntu (mfumo wa Linux, si Windows) na programu ya Kino. Kanda ya MiniDV ya saa moja humeza gigabaiti 13 hivi, ndipo akanunua diski ya nje ya USB. Ilikuwa na maradhi yake: akitoka kwenda kuswali Isha, akirudi huikuta haiandikiki. Akichomoa na kuchomeka tena, imepona.

"Stima hii itaniharibia amana za watu, mwanangu," aliniambia.

Kwa jirani mwenye Windows diski ileile haikusumbua kamwe, kwa hiyo stima niliitoa lawamani mapema. Jioni moja nikaiacha bila kuigusa mpaka nikasikia mvumo wake unafifia, kimya. Nikajaribu kuandika faili. dmesg, orodha ya ujumbe wa mfumo, ikafurika makosa: kifaa hakiko tayari, kinangoja amri ya kuwashwa. Papo hapo ext3, mfumo wa faili wa diski hiyo, ikajifunga, ikawa ya kusoma tu. Diski ilikuwa imelala, na Linux haikuwa ikituma hiyo amri ya kuiamsha.

hdparm, amri ya kupanga mienendo ya diski na dawa ya kila mtu siku zile, haikupenya kile kisanduku cha USB. sdparm, amri ya kazi kama hiyo, ilipenya, ikaonyesha: STANDBY 1 (kulala kumeruhusiwa), SCT 9000 (muda wa kungoja kabla ya kulala). Hiyo SCT huhesabiwa kwa sehemu za kumi za sekunde, kwa hiyo 9000 ni dakika 15. Nani wa Mombasa anayeswali Isha, akapita barazani, akarudi ndani ya dakika 15?

Ningeweza kuandika 1 kwenye faili ya allow_restart huko /sys, ndani ya mipangilio ya Linux, diski ilale na Linux iiamshe ikihitajika. Njia hiyo naipenda zaidi, diski ipumzike kwa joto lile. Ila ukichomoa waya mpangilio unapotea, na Ami kwa kuchomoa hajambo. Nikaandika:

sdparm --clear=STANDBY --save -6 /dev/sdb

Hilo hufuta ruhusa ya kulala, na hubaki ndani ya diski yenyewe.

Ami akarudi, akahifadhi kazi yake, ikakubali.

"Umeifanyaje?"

"Nimeikataza kulala, Ami."

Akaipapasa. "Mbona ya moto hivi?" Akaigeuza feni iliyokuwa ikimpulizia, akaielekeza kwenye diski, akatia kanda nyingine huku jasho linamtoka.