Ukimtoa dalali, kazi yake unabaki nayo wewe

Anayeanza kuuza nyanya kwa simu hapa Mwanza karibu kila mara huanza na hesabu hii: shambani Sengerema dalali ananunua, tuseme, kilo kwa shilingi 500, mama wa Nyakato, huku mjini, anainunua kwa 1,200. Mia saba imeliwa na nani? Wengi hujibu haraka kwamba kaila dalali, wanafungua kundi la WhatsApp, wanapiga picha ya shamba, na baada ya wiki tatu wanarudi kwa dalali yule yule wakiwa na aibu kidogo.

Ile mia saba haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa inalipa kreti, nafasi kwenye lori la Canter, kupakia na kushusha, ushuru, zilizopondeka njiani, na hatari ya kulala na mzigo usiouzika. Ukimuondoa mtu wa kati, kazi zote hizo zinahamia kwako, na usipojua nani atazifanya na kwa shilingi ngapi, bei nzuri ya mjini itakuwa maneno matupu.

Chukua mfano wa kilo 160, yaani kreti nane za plastiki za kilo 20. Kumi zitachubuka au kuiva kupita kiasi, zinabaki 150. Ukiwa na wateja 30 wa kilo tano tano kwa 1,200, unaingiza 180,000. Toa usafiri wa kreti hadi mjini, 20,000, mifuko mbadala, 6,000 (ile ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, usimtie mteja matatani), bando, 3,000, gharama za miamala, 4,000. Sasa njoo kwenye bodaboda. Ukimpelekea kila mteja mlangoni kwa 1,500, ni 45,000, na unabaki na 102,000. Dalali angekupa 80,000 palepale shambani bila wewe kupoteza siku mbili. Umehangaika kwa 22,000.

Ukiweka vituo vitatu badala ya milango 30, bodaboda inashuka hadi 15,000 na unabaki na 132,000. Bei zako zitakuwa tofauti na hizi, lakini ukipiga hesabu utakuta mahali panapovuja ni pale pale: safari ya mwisho. Na Mwanza ni mji wa mawe. Nyumba za mlimani Mabatini au Bugando, pikipiki inaishia chini, halafu dereva anapiga simu, mteja hapokei, salio linakwenda.

Kwa mzigo unaotoka Sengerema vituo vinajipanga vyenyewe. Tangu Daraja la JPM la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, foleni ya kivuko haipangi tena ratiba yako. Gari linapita Usagara, linaingia Buhongwa, Nyegezi, kisha Buzuruga kwa watu wa Nyakato na Igoma. Mwambie mteja saa na mahali penyewe: "Ijumaa saa 11 jioni, Buhongwa, kwenye kibanda cha fulani." Mwenye kibanda mpe kitu kidogo kwa kila mfuko, maana ndiye atakayekaa na mfuko wa mteja aliyechelewa kazini.

Wateja wapatikane kabla ya kuchuma. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanachuma kwanza, halafu wanatangaza. Nyanya ikishatoka kwenye mche haisubiri mtu ajibu ujumbe. Jumatatu tangaza, Jumatano saa 12 jioni funga orodha, Alhamisi chuma, Ijumaa gawa. Asiyelipa kabla ya kufunga jina lake haliingii, hata kama ni shemeji. Mteja mpya ana haki ya kuogopa kumtumia hela mtu asiyemjua. Mruhusu alipe nusu, nyingine amalizie kituoni, mara mbili za kwanza tu.

Kwenye WhatsApp Business tumia orodha ya matangazo badala ya kundi. Kundi likifika watu 100 linakuwa la salamu za asubuhi na mabishano ya mpira. Orodha moja inachukua watu 256, na ujumbe unamfikia mtu faraghani. Ila kuna mtego: asiyehifadhi namba yako kwenye simu yake hapati ujumbe wako. Kwa hiyo ombi la kwanza kwa kila mteja liwe "hifadhi namba hii". Picha nayo piga asubuhi, nyanya zikiwa juu ya mizani na namba inasomeka. Picha ya shamba inapendeza, lakini haimwambii mnunuzi chochote kuhusu kilo tano zake.

Kipimo ndicho kinachojenga au kubomoa imani. Sokoni mteja huchagua, hubonyeza, huomba nyongeza. Kwenye simu hana mikono. Naye amezoea fungu, sado na ndoo, hapigi hesabu ya kilo. Jaza sado yako mara tatu, pima kila mara, chukua namba ndogo kuliko zote, kisha andika vyote viwili kwenye tangazo: sado moja, kilo kadhaa. Mizani ya biashara inatakiwa kukaguliwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka na kubandikwa stika. Stika hiyo ipige picha. Anayetuma viazi vitamu kwa gunia asahau lumbesa, ile ya kulijaza hadi lipande juu ya mdomo wake. Ni kosa kisheria, na mnunuzi wa kwenye simu atapima nyumbani.

Kuchuma kwenyewe: subiri umande ukauke, chagua zilizoanza kupiga wekundu, si zilizoiva kabisa. Iliyoiva shambani ni ya kupika leo. Toa vikonyo, kwa sababu kikonyo cha moja kinatoboa ngozi ya nyingine, na tobo moja likivujisha maji linaozesha jirani zake wote. Usioshe. Tenga la mbao linalobeba mara mbili ya kreti linaonekana la nafuu, lakini za chini zinafika zimekuwa rojo. Halafu geuza kila nyanya uangalie pale kikonyo kilipokuwa: ukiona kitundu kidogo chenye uchafu mweusi, ni kantangaze, yule kiwavi wa nyanya, yuko ndani. Moja ikifika jikoni kwa mteja, picha yake itazunguka kuliko tangazo lako.

Mfano wa juu uliuza zote ili hesabu iwe rahisi, lakini kwenye orodha usiuze zaidi ya asilimia 70 ya unachotegemea kuchuma. Mvua ikigonga usiku, kilo 160 zinakuwa 120, na kurudisha hela za watu ni gharama na fedheha. Inayobaki mpe dalali. Ndiyo, yule yule. Usigombane naye, siku mauzo ya simu yakilala, atakayekuja na Canter saa 10 alfajiri ni yeye.

Kuhusu malipo, chukua mapema Lipa Namba, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu. Utahitaji kitambulisho cha NIDA, na mara nyingi TIN na leseni. Faida yake ya kwanza ni kwamba mteja anaona jina la biashara kabla ya kuweka namba ya siri. Ya pili, inatenganisha hela ya nyanya na ya ada ya shule. Mteja akikutumia kwenye namba ya kawaida, patazuka mjadala wa "weka na ya kutolea", na kila mara mmoja anaona kaonewa. Pia usikimbilie kutoa taslimu. Duka la pembejeo likipokea malipo kwa simu, lipa huko huko, na inayobaki ihamishie benki mara moja kwa wiki badala ya kila jioni, ili makato yasikule vipande vipande.

Daftari liwe na safu ambayo wengi hawaiweki: jina linalotokea kwenye muamala. Ameagiza mke, kalipa mume, laini imesajiliwa kwa jina la mdogo wake. Bila safu hiyo, Alhamisi usiku utakuwa na shilingi 6,000 zisizo na mwenyewe na mama anayesema alilipa.

Matapeli wana njia mbili wanazozipenda. Moja ni ujumbe wa malipo wa kughushi, au picha ya muamala iliyochezewa. Angalia salio, usiangalie ujumbe. Nyingine ni "samahani, nimekosea namba, nirudishie". Usirudishe kwa mkono hata shilingi. Mwambie apigie mtandao wake, wao ndio wanaorejesha. Ukirudisha mwenyewe, naye akaomba muamala wa kwanza ubatilishwe, umelipa mara mbili. Namba ya tapeli itume kwa ujumbe kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Mkiwa wakulima kadhaa, fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu. Kikundi kinasajiliwa kupitia afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, na benki itataka katiba na muhtasari wa kikao uliowataja watia saini. Lipa Namba isomeke jina la kikundi, siyo la mwenyekiti. Vikundi vingi huvunjika hapo.

Dagaa wana sheria yao. Ni wepesi, wakikauka vizuri hawaharakishi mtu, na wanasafiri kwa basi kutoka Nyegezi hadi Dodoma au Dar es Salaam bila shida: andika jina na simu ya mpokeaji pande zote mbili za mfuko, piga picha namba ya basi, mtumie mteja pamoja na simu ya kondakta. Swali la kila mteja wa mbali ni mchanga. Kama wameanikwa juu ya chanja, mwonyeshe chanja. Kama wameanikwa chini, sema, na bei ishuke. Na ratiba hapa haiendi na siku za wiki, inakwenda na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa; mbalamwezi ikikolea, mitumbwi inapumzika na bei ya mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, inapanda. Pokea oda wakati wa mbalamwezi kwa mzigo wa giza linalofuata, na usimwahidi mtu tarehe wakati mvua inanyesha, kwa sababu dagaa walionyeshewa kwenye chanja huishia kuwa chakula cha kuku.