Askofu wa h7, na vile niliacha kusikiza hesabu za watu

Kuna ushauri wa chesi nimeusikia mpaka umenichosha: usitoe kete yako bure. Sawa, lakini nani amesema ni bure? Mimi huchezea bustani ya Jevanjee, Nairobi, saa ya lanchi, kwa benchi iliyo mbali kidogo na wale wabishani wa siasa wa Bunge la Mwananchi ndio angalau usikie ukipigwa cheki, yaani mfalme wako akitishiwa, dakika tano kila mtu kwa saa ya simu, na anayeshindwa ananunua chai na mandazi, kitu kama mia hivi, ukipigwa na mtu mwenye njaa inaweza fika mia mbili. Hakuna mtu anaandika muvu, hakuna refa. Na bado watu wanataka nicheze kama niko fainali.

Anayenisumbua zaidi ni mzee mmoja mwalimu mstaafu. Anazijua zile pointi kama jina lake, poni moja, farasi tatu, askofu tatu, ruki tano, malkia tisa, na kila ukibadilishana kete anakuhesabia kwa sauti mbele ya watu kama konda anayekuhesabia chenji ya kumi kumi. "Kijana, uko chini pointi tatu." Ndio mwalimu, shikamoo, lakini mfalme wako analindwa na nani? Hapo hana jibu, anakunywa chai.

Ila kabla sijafika kwa mwalimu niseme kuhusu upande wa pili, maana kuna washauri wabaya kuliko yeye. Kuna kijana wa pale pale, mdomo mingi, alinionyesha kwa simu mtego wa Légal, yule Mfaransa aliyemfundisha Philidor, bingwa wa chesi wa karne ya 18. Unamwachia mtu malkia yako wazi kabisa, farasi anakula poni ya e5 (kila nyumba ya ubao ina jina, herufi a mpaka h na namba 1 mpaka 8), jamaa anaona malkia wa bure anaingia mzima mzima, unapiga cheki na askofu f7, mfalme anapanda e7, farasi wa pili anaruka d5, chekimeti, mfalme hana pa kutorokea na gemu imeisha. Kitu kitamu sana kuangalia. Kijana akaniambia "buda, we toa tu, huyo mtu atachanganyikiwa." Basi siku hiyo hiyo nikakutana na jamaa mmoja mkimya wa kuuza vitabu, askofu wake akaja g4 vile inatakikana, nikaweka kila kitu vile nilionyeshwa, nikakula e5 na farasi, nikaegemea nyuma. Jamaa hakuangalia malkia hata kidogo. Alikuwa na farasi c6, akakula farasi wangu pale e5, basi, kwisha. Malkia yangu bado imeangaliwa na askofu wa g4, askofu wangu wa c4 naye sasa ameangaliwa na farasi huyo huyo, na niko chini kete nzima kwa poni moja. Ule mtego unafanya kazi kama hakuna mtu wa kurudisha mkono pale e5! Hicho ndicho kitu kimoja cha maana kwa hiyo mambo yote, na kijana hakukitaja. Nikamtafuta kwa macho, alikuwa ashavuka Moi Avenue na mandazi mkononi.

Kwa hivyo mmoja anasema usitoe kamwe na mwingine anasema toa tu. Wote wananiudhi. Kenye nilikuja kufanya ni kuhesabu kitu kingine kabisa: kete zangu ngapi zinaweza kufika kwa mfalme wake kwa muvu mbili, na zake ngapi ziko karibu za kumsaidia. Zile ziko upande ule mwingine wa ubao sizihesabu, hata kama ni malkia. Nikiwa na tatu au nne na yeye ana moja, natoa. Nikiwa na mbili nanyamaza, naleta ruki.

Sasa ngoja niwape ile ya mwalimu, na nitaieleza polepole kwa sababu naipenda.

Mimi niko na nyeupe. Mwalimu akafungua ile difensi ya Kifaransa, poni e6 halafu d5, vile yeye hufanya siku zote. Nikaleta farasi c3, yeye farasi f6, nikasukuma poni e5 na farasi wake akarudi d7. Hapo ndo mambo yote huanzia, maana farasi akikaa f6 ndiye askari wa h7, akishafukuzwa ile nyumba inabaki na mfalme peke yake. Nikatoa farasi f3, yeye askofu b4, mimi askofu d3, yeye akamficha mfalme kwa kona, ruki ikaja f8. Akasema "sasa niko salama, tuongee." Mwalimu, huko kwa kona ndiko nilikuwa nakungojea.

Askofu wangu akakula h7, cheki. Kizibo cha soda kikaruka (poni yake ya h ilipotea kitambo, siku hizi ni kizibo cha Krest). Watu wawili waliokuwa wamesimama wakacheka. Mwalimu: "Pointi tatu kwa moja, kijana." Akamla askofu na mfalme. Farasi g5, cheki tena.

Hapa ana njia nne na zote nilikuwa nimezipitia kichwani nikiwa kwa matatu, kwa hivyo sikutumia hata sekunde. Akirudi nyuma, g8 au h8, malkia yangu inaenda h5 na inataka h7, na ile ruki yake ya f8 ndiyo inamzibia mlango wa kutorokea. Akipanda h6, farasi anakula e6 na askofu wangu wa c1, ambaye kila mtu alikuwa amemsahau, anafunguka anapiga cheki, halafu malkia wake pale d8 anakufa. Akimkula farasi na malkia, askofu huyo huyo anamla malkia. Ya nne ndiyo ngumu, ndiyo inawashinda wengi wanaoiga hii kitu: mfalme anapanda g6, mbele ya kila mtu, kama ambaye haogopi. Wengi wakiona hivyo wanapiga cheki yoyote iliyo karibu, mfalme anatembea anatoroka, na kete mbili zimeenda. Ukishatoa kete usikimbie. Kama una dakika tatu, tumia moja hapo.

Mwalimu akapanda g6.

Malkia yangu g4, bila cheki. Watu hawaelewi muvu kama hiyo, hata mmoja akaniuliza mbona simpigi. Yeye akasukuma poni f5 kunifukuza, nikarudi hatua moja tu, g3, kwa laini ile ile ya mfalme wake. Farasi wangu wa g5 sasa ni kifuniko, akitoka tu mfalme anaungua. Mwalimu akaangalia saa, imebaki kama dakika moja na kitu, akaona farasi wangu wa c3 anakulika na cheki, akamkula na askofu. Nikarudisha na poni. Akaanza kuhesabu pointi, niko chini hivi, niko chini vile, huku akileta farasi c6. Nikakula e6. Cheki kutoka kwa malkia, na farasi ameangalia malkia wake d8.

Kelele ilianza hapo. "Malkia! Kula malkia!" Mwalimu akamkimbiza mfalme h7, na kila mtu kwa benchi anataka nikule malkia, hata yule kijana wa Légal amerudi anapiga kelele. Sikukula. Malkia yangu g3 mpaka g7, ikakula poni, farasi wa e6 nyuma yake analinda. Mfalme hana pa kwenda, g6 imeshikwa, h6 imeshikwa, h8 imeshikwa. Mwalimu akaangalia muda mrefu akitafuta kete ya kunirudisha. Malkia wake, ruki zake mbili, farasi wawili, wote walikuwa hai. Aliniambia kwa upole "umecheza vizuri" na akaagiza chai, na nikachukua mandazi mbili.

Hii si uvumbuzi wangu. Greco, Mwitalia, aliiandika karne ya 17, na bado inakula watu. Shida ni wale wanaokuja na jina la Tal kwa mdomo. Ndio, Tal alimpiga Botvinnik, aliyekuwa bingwa, 1960 akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 23, akitoa kete kushoto na kulia. Lakini 1961 walirudiana na Botvinnik akachukua taji lake, na hiyo nusu hakuna mtu huiongelea. Mfano ninaoupenda ni ule wa Anderssen na Kieseritzky, London 1851, kwanza kwa sababu ilikuwa gemu ya mapumziko tu kama zetu, haikuwa ya mashindano. Anderssen alitoa askofu, ruki zote mbili, mwishowe na malkia, akamaliza na askofu mmoja na farasi wawili. Kieseritzky alikuwa na karibu jeshi lote, lakini nusu yake haikuwa imetoka nyumbani. Mwalimu nilimwambia hiyo hadithi, akaniuliza Anderssen alikuwa na pointi ngapi.

Kitu kingine, usitangaze. Ukianza kutabasamu na kusugua mikono mtu anaangalia ubao mara mbili. Na kama farasi wake bado yuko f6, au askofu wake anaweza kufika f5 au e4 kuchunga h7, wachana nayo, haijalishi inakaa tamu aje. Askofu wake akiwa e7 akiangalia g5, mimi hupeleka kwanza poni ya h mpaka h4, ili akimla farasi poni irudishe na laini ya ruki ifunguke.

Siku hizi mwalimu akishaficha mfalme tu anasukuma h6, hata kabla sijaleta askofu d3. Anadhani amefunga duka. Mimi sasa sikimbilii kumficha mfalme wangu, naacha ruki ya h nyumbani na kusukuma poni ya g, g4 halafu g5, maana ile h6 imenipa kitu cha kugonga. Mara mbili tatu imefunguka vizuri. Yeye anasema nimeharibu poni zangu, pointi moja hapa, pointi moja pale, na bado chai ananunua yeye.