Gunia Halitupwi

Juzi binti yangu alitoka bafuni na mopu, akaweka mpini wake mabegani, akachuchumaa katikati ya sebule hadi makalio yakapita magoti.

"Baba, ndivyo?"

Ndivyo kabisa, na ilinitia wivu kidogo. Visigino vimekaa chini, magoti yanafuata vidole, kifua kiko juu. Nimewahi kufundisha watu wazima mwezi mzima na hawakufika hapo. Ameona wasichana wakinyanyua vyuma kwenye simu ya mama yake, na tangu siku hiyo nyumba haina amani. Chuma cha wanawake kina kilo ngapi, baba? (15. Cha wanaume 20.) Kwa nini ni chembamba? (Viganja vidogo vipate kukikamata.) Wanawake waliingia lini Olimpiki na vyuma? (Mwaka 2000, Sydney.) Wewe uliwahi kunyanyua ngapi? (Kamalize homuweki.)

"Sasa utupe," nikamwambia.

"Nitupe nini?"

"Huo mpini. Uachie uangukie nyuma, wewe uruke mbele."

Akanitazama kama mtu anayenusa kama nimekunywa. Jikoni mama yake akacheka. Yeye alikuwepo.

Ilikuwa 2009, mwaka ule wa ukame na mgao wa stima, kwenye lile banda la mabati la kunyanyulia vyuma, Makadara, Nairobi. Chuma chetu kilitengenezwa na mafundi wa jua kali kule Kamukunji, na tulipokipima kwa mizani ya posho mill kikasoma kilo 17. Sahani zilikuwa gia mbili za lori pamoja na mikebe ya rangi ya lita 4 iliyojazwa zege, yenye tundu la paipu katikati. Mkebe kama huo ukikauka unakaribia kilo 10. Unakaribia tu, kwa hivyo kila siku upande mmoja ulizidi mwingine, na sote tukazoea kwenda upogo. Hadi leo fundi cherehani akinipima koti huuliza bega la kushoto lilipatwa na nini.

Mwenye banda alikuwa amekwenda nyumbani kwa matanga, akaniachia ufunguo na sheria moja. Mgeni ni mpini wa ufagio wiki mbili, hata akija na shingo ya fahali. Baada ya mpini, chuma kitupu. Baada ya chuma kitupu, kilo mbili na nusu kwa wakati, mara tano kwa raundi tatu, leo kazi, kesho mapumziko, na usiongeze mpaka ile ya tano ifanane na ya kwanza. Nilikuwa na miaka 22. Sheria hiyo niliijua kama sala ya chakula, na niliisema hivyo hivyo, macho yakiwa kwenye sahani.

Lumbesa alikuja Jumanne jioni. Jina tulimpa kabla hajaketi, maana alikuwa hamali wa soko la Marikiti na mgongo wa shati lake ulikuwa na udongo wa viazi. Mtu wa miaka arobaini hivi. Siku hizi sheria inasema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Wakati ule gunia liliongezwa kichwa cha kamba hadi likawa na orofa, ndiyo lumbesa yenyewe, na yeye alikuwa akiyashusha hayo kutoka kwenye malori tangu usiku wa manane. Alisema asubuhi mgongo hukataa kunyooka, na amesikia vyuma hunyoosha. Akalipa shilingi 30.

Nikampa mpini wa ufagio. Akauangalia. Akaniangalia. Vijana wakacheka, na sikujua kama wanamcheka yeye au mimi, basi nikaurudisha mpini pembeni.

Kilo 37 hakuziona. Kilo 57 akaenda nazo mara tano. Alikuwa akishuka nusu tu, nami nikanyamaza, kwa sababu nusu yake ilikuwa na nguvu kuliko nzima yangu. Tukapakia mikebe hadi 97.

"Shuka mpaka chini, mzee," nikasema kwa sauti ya kusikiwa na banda zima. "Hapa hatuhesabu nusu."

Akashuka mpaka chini.

Hamali hachuchumai na mzigo. Hilo nililijua baadaye, nilipokwenda Marikiti na kusimama kando kutazama. Anainama, wawili wanamtwika gunia mgongoni, anatembea, akifika anageuka na kuliegemeza kwenye mkokoteni. Kazi yake yote ni ya kwenda mbele. Ile safari ya chini na kurudi, miguu yake haikuwahi kutumwa.

Kule chini akatoa pumzi. Sikuwa nimemwambia aibane tumboni mpaka atakaposimama. Kifua kikakunjika, mgongo ukajikunja mkunjo ule ule wa gunia, na akabaki hapo.

"Tupa!" nikapiga kelele. "Tupa nyuma!"

Hakutupa. Vidole vilizidi kukaza chuma. Alitetemeka, na kwa mtetemeko huo mkebe mmoja ukawa unalia krr, krr, krr kwenye chuma. Nje kulikuwa na harufu ya omena kutoka kwenye karai la msichana ambaye wakati ule hakuwa mama wa mtu yeyote. Jasho likamdondoka kutoka ncha ya pua, nikaliona tone likifika kwenye sakafu ya udongo na kuacha doa jeusi, halafu la pili kando yake. Alikuwa ananitazama. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejumlisha bei kichwani. "Tupa, mzee, tupa!" Krr, krr. Sijui ilikuwa sekunde ngapi, labda nane. Mahali pangu palikuwa nyuma yake, mikono chini ya kwapa zake, tangu kabla hajashuka. Nilikuwa mbele, ninapoonekana vizuri.

Wawili wakakamata ncha, mimi nikaruka nyuma nikamkumbatia kiunoni, tukapanda wote kama watu wanaosukuma matatu matopeni. Chuma kikarudi mahali pake. Akavuta pumzi mara mbili, akajifuta uso kwa shati, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kijana, kikianguka kivunje ule mkebe, nani analipa?"

Hakuna aliyecheka. Gunia likipasuka sokoni, viazi vinakuwa vya hamali, anakatwa kwenye ujira. Nikamwambia hapa hakuna anayelipa, chuma ni cha kuangushwa. Akatikisa kichwa taratibu, kwa heshima, kama unavyomwitikia mwanasiasa akipita mtaani.

Alirudi mara tatu. Mara zote tatu alikwenda pembeni akachukua mpini wa ufagio mwenyewe, bila kuniuliza, na mara zote tatu nilijaribu kumfundisha kuutupa. Hakuweza. Mpini wenyewe haufiki kilo moja, lakini aliinama nao akaulaza chini polepole kama yai. Kisha hakuja tena. Huenda viazi viliingia kwa wingi sokoni, huenda mgongo ulizidi, huenda ulipona. Mwenye banda aliporudi akauliza habari za wageni, nikamwambia yupo mmoja, anaendelea vizuri.

Basi sebuleni tukaanza na kutupa. Mara ya kwanza binti yangu aliruka mbele lakini mikono ikabaki imeshika mpini, akatua nao. Mara ya pili akauachia, ukapiga sakafu paa, na jirani wa chini akajibu kwa kugonga dari yake.

"Lakini si uzito wowote," akasema. "Naogopa nini?"

"Tena."

Akachuchumaa. Kabla hajafika chini, mama yake akachungulia kutoka jikoni na mwiko mkononi, akanitazama mimi, si mtoto.

"Na huo mpini ukivunjika," akauliza, "nani analipa?"