Daftari Nililoliandikia Gizani

Nimerudi kutoka studio usiku huu nikiwa na uchovu, na kabla ya kulala nimelitoa mkobani daftari nililoliandikia gizani asubuhi, filamu ilipokuwa ikionyeshwa kwa waandishi. Mistari imepandana na nusu ya ukurasa haisomeki. Hata hivyo, ukurasa huo mmoja una mambo mengi kuliko yote niliyoyasema mbele ya kamera, na jambo hilo limeninyima usingizi.

Nilipewa dakika tatu kuizungumzia filamu ya saa mbili na nusu. Ukiondoa vipande viwili vilivyotolewa na wasambazaji, nilibaki na dakika moja na ushei ya kusimulia kisa bila kufichua mwisho wake, kuwataja waigizaji na kutoa hukumu. Nilisema kwamba sehemu ya mwisho imemshinda mwongozaji. Sikupata nafasi ya kueleza kwa nini. Hukumu isiyo na sababu naiona kuwa ni dhuluma kwa mtu aliyeitumikia kazi yake kwa miaka.

Nilianzia gazetini, ambako mhariri wangu wa kwanza alikifuta kila kivumishi nilichoshindwa kukitetea. Ukiandika kwamba mwigizaji "anavutia", alikuuliza anavutia kwa tendo gani, katika onyesho lipi. Runinga iliponiita niliamini kwamba nimepanda cheo, nikaacha kuandika hakiki ndefu kwa muda wa miaka miwili. Hasara yake niliigundua polepole: nikawa naingia ukumbini kutafuta sentensi ya kusema hewani, na nikiipata tu, macho yangu yanalegea.

Kilichonirudisha ni mahojiano. Wasiozoea kazi hii hudhani kwamba tunakaa na waigizaji kwa starehe, ilhali mara nyingi ni chumba cha hoteli chenye bango la filamu ukutani, dakika nne au tano kwa kila mwandishi, na msaidizi aliyesimama mlangoni akiangalia saa. Siku moja, mbele ya mwigizaji aliyekwisha kujibu maswali yaleyale tangu asubuhi, niliacha maswali niliyoandaliwa nikamuuliza kwa nini mkono wake ulibaki kwenye kitasa cha mlango hata baada ya kumaliza kuaga. Alinyamaza kidogo, kisha akazungumza juu ya mkono huo mpaka muda ukaisha. Swali lile lilitoka daftarini.

Ndiyo maana namfikiria sana Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa Marekani. Alianza kuhakiki filamu katika gazeti la Chicago Sun-Times mwaka 1967, na kuanzia mwaka 1975 akawa akibishana kwenye runinga na Gene Siskel, mhakiki wa gazeti shindani la Chicago Tribune. Umaarufu wa kipindi haukumwondoa gazetini. Mwaka 2006, baada ya matatizo yaliyofuatia upasuaji wa saratani, alipoteza kabisa uwezo wa kusema. Mtangazaji akabaki bila sauti, lakini mwandishi aliendelea, na mwaka 2012 pekee aliandika hakiki 306. Alifariki Aprili 2013. Mimi, mwenye afya na sauti yangu kamili, niliiweka kalamu chini kwa hiari yangu, na hilo bado linaniuma.

Nimekaa mezani sasa kuandika sababu ambayo kipindi hakikuipa nafasi. Kwa zaidi ya saa mbili mwongozaji alituamini, akatuacha tuzitazame nyuso katika ukimya na tujue wenyewe nani anamdanganya nani. Kisha katika dakika ishirini za mwisho akauachia muziki utuamrishe kulia. Daftarini, mahali muziki huo ulipoanza, kuna mstari mmoja nilioupigia kistari mara mbili, na baada ya kuugeuzageuza chini ya taa nimefaulu kuusoma: "Mama amegeuka dirishani. Hapa ndipo ingeisha."