Leo Dengu za Wapi?

Jumapili, saa tatu usiku.

Nilifungua kabati la viungo kutafuta mdalasini, nikaishia kukaa sakafuni karibu saa nzima. Nilitoa chupa moja baada ya nyingine nikazipanga mbele yangu kama mtu anayefungua genge. Kumi na moja. Sosi ya chaza. Sosi ya soya nzito na nyingine nyepesi. Pilipili ya unga ya Korea ambayo sasa imekuwa jiwe. Karibu zote zilifunguliwa mara moja tu, kwa mlo mmoja, na nyingi zimepitwa na tarehe.

Kila chupa inanikumbusha Jumamosi fulani niliyoamka na kutangaza kwamba sasa nyumba hii itakula kiafya. Mpango ulikuwa ni uleule: wiki moja, nchi moja. Wiki ya India nikapika kuku wa siagi. Wiki ya Japani nikakaanga tempura hadi mapazia yakanuka mafuta siku tatu. Wiki ya China kila kitu kilielea kwenye sosi. Watu wangu walikula, wakasifu, wakaomba kuongezwa. Kisha nikaenda kupima shinikizo la damu, na daktari akaniuliza tunatumia chumvi kiasi gani. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba kwetu kidau cha chumvi hakikai hata mezani.

Nilivyorudi nyumbani nikasoma lebo. Kijiko kikubwa kimoja cha sosi ya soya ya kawaida kina chumvi inayozidi gramu 2. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Mimi nilikuwa naimimina bila kupima, kama maji.

Aliyenifungua macho ni mfanyakazi mwenzangu aliyekulia India. Nilimsimulia kuhusu kuku wangu wa siagi nikitegemea anipongeze. Akacheka. "Dada, hicho sisi tunakwenda kula nje. Mama yangu hajawahi kukipika maishani mwake." Na kweli, chakula kile kilizaliwa mkahawani, Delhi. Nikamuuliza, sasa nyumbani mlikuwa mnakula nini? Akaniangalia kana kwamba nimeuliza jua linachomoza wapi. "Dengu. Kila siku dengu."

Sentensi hiyo imenikaa kichwani miezi sasa. Muda wote ule nilikuwa naazima chakula cha mkahawa, kile kinachopikwa ili mgeni alipe na arudi tena. Sikuwahi kuuliza watu hao wanakula nini Jumanne usiku wakiwa wamechoka.

Basi akanifundisha. Unachemsha kikombe kimoja cha dengu nyekundu kwa vikombe vitatu vya maji na manjano kidogo. Hazihitaji kulowekwa; dakika 20 zimeshapondeka zenyewe. Pembeni, kwenye kikaango kidogo, unapasha vijiko viwili vya mafuta, unatia jira nzima, kitunguu saumu kilichokatwa vipande vyembamba na pilipili kavu moja, kisha unamwaga vyote juu ya dengu. Wao wanaita tadka. Harufu ya viungo vingi huyeyuka zaidi kwenye mafuta kuliko kwenye maji, ndiyo maana vijiko viwili tu vinatosha kunukisha sufuria nzima.

Ya kwanza niliiunguza. Niliacha mafuta yakafuka moshi, jira ikawa nyeusi kabla sijashika kitunguu saumu, na dengu zote zikawa chungu. Siku hizi natupia mbegu moja kwanza. Ikizama na kunyamaza, nasubiri. Ikiibuka na kuzungukwa na vipovu, natia zilizobaki, nahesabu hadi kumi huku nikikazia macho ile rangi, halafu kitunguu saumu, na kikianza tu kugeuka rangi ya asali, namwaga. Chwaaa! Mwanangu anaipenda sauti hiyo kuliko chakula chenyewe.

Baada ya hapo sikuhama kwenye dengu. Nilianza kuzifuata kokote zinakoliwa. Waorthodoksi wa Ethiopia, ambao Jumatano na Ijumaa hawali kitu chochote cha mnyama, wana mchuzi wa dengu unaoanza kwa vitunguu vingi vilivyokatwakatwa na kupikwa kwenye sufuria kavu, bila mafuta, vikilainika kwa maji yanayotoka ndani yake. Mafuta na berbere, mchanganyiko wao wa pilipili na viungo, huja baadaye (tena mafuta si haba, tusidanganyane). Mimi nimechukua ule mwanzo tu. Siku hizi karibu kila mchuzi wangu unaanza hivyo, na chupa ya mafuta inachukua muda mrefu kuisha.

Lebanoni na Syria wanachanganya dengu za kahawia na wali, juu wanaweka vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vyeusi-vyekundu: mujaddara. Misri wanaongeza makaroni na kuita koshari. India wanapika dengu na mchele pamoja hadi vikawa laini kama uji: khichdi. Nilifurahi kujua kwamba si bahati tu. Protini hujengwa kwa asidi za amino; nafaka zina uhaba wa mojawapo, lisini, dengu zina uhaba wa nyingine, methionini, kwa hiyo vikiliwa pamoja protini yake inakamilika. Na limau la kukamulia juu si urembo, maana vitamini C inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye dengu.

Mume wangu hakupokea haya kwa shangwe. Wiki ya pili alifunua sufuria, akafunika, akafunua tena. "Mke wangu, nyama imesafiri?" Nikamwambia imekwenda likizo, itarudi Jumamosi. Sasa hivi inarudi mara mbili kwa wiki na hakuna aliyelalamika tena, ingawa nashuku mchana kazini anajitafutia.

Kwa Japani nilishindwa nusu. Supu ya miso, ile rojo ya soya iliyochachushwa, niliichemsha kwa fujo, ikapoteza harufu, na mwanangu akasema inanuka soksi. Lakini kitu kimoja kimebaki. Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda aligundua kwamba utamu ule wa mchuzi wao unatokana na glutamati iliyomo kwenye mwani wa kombu, akauita umami. Mwani huo mimi sina, ila uyoga mkavu ninao. Naloweka uyoga tangu asubuhi, jioni maji yake yanaingia kwenye mboga, na chumvi naipunguza hadi nusu ya niliyokuwa natia. Siku ya kwanza sikumwambia mtu. Hakuna aliyeulizia kidau.

Basi usiku huu nimetupa chupa tisa. Nimebakiza sosi ya soya nyepesi, ambayo sasa napima kwa kijiko cha chai, na siki ya mchele, kwa sababu naipenda tu.

Nikiwa bado sakafuni mwanangu akapita kunywa maji. Akaruka chupa zangu kama mtu anayevuka mfereji, akauliza swali ambalo sasa ndiyo salamu ya nyumba hii: "Mama, kesho dengu za wapi?"

Nikamwambia achague. Akafikiri, glasi mdomoni.

"Zile za chwaa. Lakini namwaga mimi."

Nimemwambia atasimama kwenye kigoda, mikono mirefu, uso nyuma. Kikaango kidogo nimeshakitoa, kipo juu ya jiko.