Shamba la Mjomba Lunga Lunga

Mimi ni karani kwa wakili mmoja hapa Mombasa, na kazi yangu kubwa ni makaratasi ya ardhi. Kwa hivyo ukoo mzima ukiwa na jambo la shamba, simu inalia kwangu. Safari hii alikuwa mjomba. Ana shamba la mikorosho Lunga Lunga na amepata mnunuzi, bin khalati wangu wa Tanga. Yaani mpwa wake wa damu. Bei wameshapatana, kahawa ishanywewa, kilichobaki eti ni mimi kupiga mihuri.

"Mjomba, huyu ni Mtanzania. Kwa sheria ni mgeni."

"Mgeni gani? Siku ya kutahiriwa nilimshika mimi!"

Ana haki ya kushangaa. Sisi Wadigo tumetapakaa kutoka Likoni hadi Tanga, kisha mpaka wa Kenya na Tanzania ukaja kupita katikati yetu.

Lakini tangu marekebisho ya 2016, ardhi iliyo ndani ya kilomita 25 kutoka mpaka wa nchi kavu haiuziwi asiye raia bila idhini ya maandishi ya waziri wa ardhi. Vivyo hivyo ploti za safu ya kwanza na ya pili kutoka maji ya bahari yanapofika yakijaa. Lunga Lunga ndio mpakani kwenyewe, huna haja ya kupima. Tena hili ni shamba la kilimo, na Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 inaitaka bodi ya ardhi imkatalie asiye raia, labda rais atoe msamaha. Hata angevuka vyote hivyo, Katiba ya 2010 inampa miaka 99 tu ya kukodi.

Mjomba akauliza, je, akimpa bure? Nako ni kuhamisha ardhi, bodi ni ile ile. Kampuni je? Ikiwa na hisa moja ya mgeni, katiba inaihesabu ngeni.

Si Kenya peke yake. Mjomba mwenyewe akitaka shamba kule Mkinga, sheria ya Tanzania ya 1999 haimpi asiye raia ardhi ila kwa uwekezaji. Mexico wamezuia kilomita 100 kutoka mpakani na 50 kutoka ufuoni, ila huko mgeni anayetaka nyumba hushikiwa hati na benki kwa niaba yake. Kwetu mlango huo haupo, ndipo watu wakaazima majina.

Na hapo ndipo mjomba alipokuwa akinipeleka tangu mwanzo. "Basi tia jina lako, mwanangu."

Faili za namna hiyo nimezishika ofisini. Pesa katoa mgeni, hati ina jina la mke au la mlinzi wa nyumba, na siku ya kutia sahihi wote wanacheka. Kisha mwenye jina anafariki, watoto wake wanafungua mirathi, na lile shamba limo kwenye orodha. Aliyetoa pesa anakuja na mkataba uliofanywa kukwepa sheria, akitaka jaji amsaidie!

Kwa ploti za bichi naunga mkono sheria hii kabisa. Lakini huku mpakani, wallahi, anayenaswa kwanza ni bin khalati na vihela vyake vya korosho.

Nilikataa. Mjomba akanuna, akasema nilisomeshwa ili nizibie watu njia. Nimemtafutia mnunuzi mwingine, mwalimu wa Msambweni, raia. Bei yake iko chini. Mjomba anasema anafikiria.